Majani ya Migomba Mbele ya Gari la Straton

Watu waliomfahamu Straton akiwa dereva husema alikuwa mtu mgumu, asiyetetemeka. Wanakosea. Straton aliogopa maisha yake yote, na hofu yake ya kwanza haikuwa bunduki. Ilikuwa ukungu.

Alizaliwa katika vilima vya Masisi, upande wa Kashuga, katika nyumba ya wakulima waliolima mahali pale tangu siku za babu zao. Walipanda maharage na viazi, walifuga kondoo wachache, na kila Jumapili waliteremka kanisani wakiwa wameshika viatu mikononi, wakavivaa mlangoni. Jioni ukungu ulipanda kutoka bondeni kama maziwa yanayotaka kumwagika. Ng'ombe aliyekuwa mbele yako alitoweka, ukabaki kusikia kengele yake tu. Barabara nayo ilitoweka. Na barabara zetu, kama ajuavyo kila aliyezipita, zina mlima upande mmoja na upande wa pili hazina kitu.

Ndani ya ukungu huo baba yake mdogo, dereva wa kwanza katika ukoo wao, alitumbukia na gari la tajiri wake. Straton, wakati huo kijana aliyeanza kujifunza usukani, aliteremka na wanaume wengine kumtoa. Gari lilikuwa limelala ubavu kati ya mawe, limebondeka kila mahali isipokuwa taa zake za mbele, ambazo madereva wetu huziita fari. Zilikuwa nzima, lakini zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Straton alizitazama kwa muda mrefu, watu wakadhani anaomboleza. Alikuwa anaelewa. Marehemu aliingia katika ukungu na macho yaliyokwisha kufa.

Zamani fari zilitengenezwa kwa kioo. Magari ya miaka ya karibuni yana fari za plastiki ngumu, na plastiki hiyo jua huila. Kwanza hufifia, kisha hugeuka manjano, mwisho hupasuka nyufa ndogo ndogo kama ngozi ya mzee. Mchana mwenye gari haoni hasara yoyote. Ataiona jioni, siku moja, mahali pabaya.

Basi Straton alipokabidhiwa pikapu ya Mama Kaswera, alizichunga fari zake kuliko injini. Mama Kaswera alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki mwenye rozari kwenye kioo cha gari na mdomo usiopumzika. Alianza na duka la chumvi na sabuni huko Mubi, kisha akafungua ghala Pinga, ambako alinunua mafuta ya mawese ili yauzwe juu Masisi. Pinga ipo chini, ukingoni mwa msitu, na jua lake halina huruma. Watu wengi huko walitegemea pikipiki, na pikapu ile iliposimama mbele ya ghala ilisimama peke yake, bila kivuli, kama mtu aliyetengwa.

Straton aliziosha fari kwa maji mengi na sabuni kabla ya kuzigusa na kitambaa, kwa kuwa vumbi likisuguliwa kavu hukwaruza. Hakuruhusu petroli izikaribie, maana petroli huidhoofisha plastiki. Na kila asubuhi alikata majani mapana ya mgomba, akayapitisha juu ya makaa mpaka yakalegea, kama wanawake wafanyavyo wanapotaka kufungia chakula, kisha akayakunja juu ya fari na kuyafunga kwa ukanda wa mpira wa gurudumu. Yalipoanza kukauka aliyanyunyizia maji. Pikapu ikashinda juani ikiwa na vitambaa vya kijani usoni.

Pinga nzima ilicheka. Katika nchi yetu, gari linalobeba maiti ndilo hufungwa majani mbele, ili watu wa njiani wajue, wavue kofia na kuliachia njia.

"Straton, nani alikufa?" Mama Kaswera alimuuliza kila asubuhi, akifungua mlango wa ghala.

"Hakuna mutu alikufa, Mama. Iko jua njo inakula fari."

"Fari, fari! Bibi yako Céline, ulishamupaka ata mafuta mu uso vile unaosha hii mataa?"

"Céline hapiti mu ukungu na mimi nyuma yake, Mama."

Mama Kaswera alicheka hadi akashika kiuno. Lakini jina la Céline lilimfanya Straton atazame juu, upande wa vilima. Mkewe, mwenye mimba iliyokaribia kuzaa, alikuwa Kashuga na watoto pamoja na baba mkwe wa Straton, mzee Kanyamibwa, katika kambi ya watu waliofukuzwa na vita kutoka vilima vyao. Ilikuwa mwaka wa 2012, vita viliporudi kwa jina jipya, na barabara kati ya Pinga na Kashuga ilikuwa imefungwa. Gari halikuweza kwenda. Lilikaa juani siku baada ya siku, na Straton alikaa kando yake akisikiliza mizinga ya mbali, asijue inaanguka kwa nani.

Siku moja, saa ya chakula cha mchana, mlio ulisikika karibu. Si mzinga, bunduki, nyingi, ng'ambo ya mto. Wanawake sokoni walifunga mizigo yao haraka. Mama Kaswera alitoka ghalani akiwa ameshika kiatu kimoja.

"Pakia! Pakia bidoni, tunaenda!"

Walipakia madumu ya mafuta ya mawese, wakayafunika kwa hema la turubai, wakashika ile barabara iliyofungwa ya Kashuga, kwa kuwa haikuwapo nyingine. Straton hakukumbuka kitu kingine ila njia. Nyuma yao moshi ukaanza kupanda.

Kizuizi cha kwanza, ambacho huku tunakiita bariyeri, kilikuwa kamba iliyofungwa kwenye miti miwili. Wanaume wenye silaha walikaa kandokando. Straton alipunguza mwendo, akaanza kutafuta maneno. Hayakuhitajika. Mmoja wao aliishusha kamba haraka, wengine wakasimama wakavua kofia, na mzee mmoja kati yao akafanya ishara ya msalaba.

"Mupite, Mama. Pole sana."

Mama Kaswera aliitikia kwa kichwa, akashangaa. Walipokwisha kupinda kona, alisema, "Leo wanajua heshima! Mungu ni mukubwa."

Straton alisimamisha gari. Uso wake ulikuwa umepauka. "Mama, ni majani. Nilisahau kutoa majani."

Aliteremka kwenda kuyafungua. Mama Kaswera naye akateremka, akatazama mbele ya gari, akatazama moshi wa Pinga, akamshika mkono.

"Acha."

"Mama, tunabeba kilio bila maiti. Ni kuita kifo."

"Kifo kiko kule nyuma, hakiitwe tena. Acha majani mpaka tufike. Bariyeri zingine watatufungulia vilevile, utaona bibi yako leo."

Kutajwa kwa mkewe kulimshinda. Straton alirudi kwenye usukani. Tangu hapo, kila alipotazama mbele, aliona ncha za majani yale zikipepea juu ya boneti, akahisi kwamba nyuma yake, chini ya hema, kweli kuna mtu amelala.

Bariyeri ya pili ilikuwa gogo, na mbele yake imesimama pikapu nyingine, iliyopakwa matope ubavuni. Kamanda wa mahali pale alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti. Alipoona majani alikaribia mwenyewe, kofia mkononi.

"Ni nani alituacha?"

Kama Mama Kaswera angesema ukweli wakati ule, pengine wangecheka wote. Lakini mtu aliyekwisha kufunguliwa mlango mmoja kwa uongo huushika uongo huo kama ufunguo.

"Ni mama mukwe yangu," alijibu, na machozi yakamtoka. Machozi ya hofu, ila yalifaa.

Kamanda aliinamisha kichwa. "Mimi mama yangu alikufa nikiwa mu pori. Sikumuzika. Naomba nimuage huyu, niseme Salamu Maria moja. Vijana, mufungue hema polepole."

Hapakuwa na la kufanya. Wapiganaji walisimama mstari, wakaweka bunduki chini kwa adabu. Hema lilifunuliwa. Bidoni za mafuta ya mawese ziling'aa juani, nyekundu, zimepangwa vizuri.

Kamanda alibaki ameshika kofia kifuani, akitazama bidoni zile kama mtu anayesubiri ziamke. Kisha aliivaa kofia yake taratibu, na bunduki zikaokotwa.

"Teremukeni."

Straton aliteremka. Alipigwa kitako cha bunduki begani. Mama Kaswera alipiga kelele, akatajiwa baba na mama kwa matusi.

"Munachezea wafu," kamanda alisema, sauti bado ndogo. "Mulitumwa na nani kupita hapa muangalie watu yetu?"

"Mon commandant, hakuna mutu alitutuma. Majani iko ya jua."

"Ya nini?"

"Ya jua. Inakinga fari. Jua inakula fari, inakuwa manjano, mu ukungu hauone. Nilisahau kutoa. Nakuapia kwa Mungu."

Mmoja wa wapiganaji alicheka. "Huyu anavalisha gari kofia!"

Lakini kamanda hakucheka. Alikwenda mbele ya gari, akakata mpira kwa kisu, jani likaanguka. Akaangalia fari ile kwa karibu mno, akapitisha kidole. Ilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Akageuka kuitazama pikapu yake, iliyosimama juani tangu ilipotekwa. Fari zake zilikuwa manjano na zimefifia kama macho ya mgonjwa wa homa.

"Zangu, unaweza kuzifanya hivi?"

Straton alifikiri kuhusu kufa, akajibu, "Ndiyo, mon commandant."

Vifaa vilikuwa vichache. Kipande cha msasa laini kilikuwa chini ya kiti chake. Dawa ya meno ilitoka katika mfuko wa Mama Kaswera, ambaye alipewa ruhusa ya kukaa kivulini. Straton aliloweka msasa, akasugua fari ya kushoto kwa duara ndogo ndogo, maji ya manjano yakatiririka kwenye bampa. Kisha akapaka dawa ya meno kwa kitambaa, akasugua tena, akaosha. Plastiki ilianza kufunguka kama dirisha linalopanguswa. Kazi ile ilimtuliza kidogo. Bega likaacha kuuma. Hata alisahau mahali alipo.

Ndipo aliposikia wapiganaji wawili walioegemea upande wa pili wa gari.

"Basi leo tunashuka."

"Ukungu yote hii ya jioni?"

"Na fari mupya, ukungu ni nini? Wale wa Kashuga wanajua hatutembei mu ukungu. Watakuwa wanakula tu."

Kitambaa kilisimama. Straton alikuwa amemaliza fari ya kushoto, na ya kulia ilikuwa bado kipofu.

Wengi wamesema wangefanya nini. Wangeisugua vibaya, wangeikwaruza. Wao hawakuwa pale. Kamanda alikuwa anakuja kila baada ya muda mfupi, anainama, anapitisha kidole kwenye fari ya kushoto na kisha kwenye ya kulia, akizilinganisha kama mwanamke anayechagua maharage ya mbegu. Ikiwa Straton angekufa pale, ni nani angefika Kashuga kabla ya jioni? Aliisugua fari ya kulia. Aliisugua vizuri, akiona katika kila duara uso wa Céline akikoroga sufuria, na maji yaliyotiririka aliyaona kama damu.

Kazi ilipokwisha kamanda aliwasha taa, akaweka kiganja mbele yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Na ili zikae hivi?"

Hapa Straton alijua jambo ambalo kamanda hakulijua. Fari iliyosuguliwa kwa msasa imevuliwa ngozi yake. Isipofunikwa, jua litaila upesi kuliko mwanzo.

"Mchana zifunikwe, mon commandant. Na majani, kama zangu."

Kamanda alirudi nyuma hatua. "Majani ya kilio ku gari yangu? Unanitakia nini, wewe?"

Kitambaa safi kingetosha. Straton aliinamisha kichwa, hakulitaja neno kitambaa.

"Basi, mon commandant, ni vile tu."

Walinyang'anywa bidoni kadhaa, wakaachiliwa. Mama Kaswera alianza kumshukuru Bikira Maria kwa sauti, lakini Straton alimkatiza, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Mama, leo wanaenda Kashuga. Mimi njo niliwapa macho."

Mama Kaswera aliifungua rozari yake kwenye kioo, akaishika mpaka Kashuga.

Walifika jua likiwa limeinamia mlima. Kambi ilikuwa inapika. Moshi wa majiko ulilala juu ya vibanda, na bondeni weupe wa kwanza ulikuwa unaanza kukusanyika. Céline alitoka kibandani ameshika kiuno, akacheka kwa furaha, kisha akaona uso wa mumewe akaacha kucheka. Straton alimweleza kwa maneno machache.

"Unaamini watakuja?" Céline aliuliza.

"Nimeona fari zao. Niliziosha mimi."

Céline alizima jiko kwa maji ya kunawia. Hakuuliza tena. Alianza kwenda kibanda hadi kibanda, akisema kwa sauti ya chini, na watu, ambao walikuwa wamekimbia mara nyingi kupita kuhesabu, walichukua watoto na masufuria, wakaanza kupanda mlimani. Wengine walibisha. Kati yao alikuwa mzee Kanyamibwa, ameketi mlangoni na kiko chake.

"Mukwe wangu," alimwambia Straton, "mu ukungu hata fisi anabaki nyumbani. Gari ikipakwa dawa ya meno, inakuwa jeshi?"

"Papa, nakuomba. Ingia mu gari."

"Nilikimbia vita ya kwanza, nikakimbia ya pili. Hii nitaiangalia nikiwa nimekaa. Peleka bibi yako."

Straton alimshika mkono, mzee akauvuta. Céline alipiga magoti mbele ya baba yake, na yeye akaweka kiganja juu ya kichwa chake, akambariki, kisha akageuza uso pembeni.

Pikapu ilikuwa bado imejaa. Mama Kaswera, mwanamke aliyeweza kubishana nusu siku kwa ajili ya kipande cha sabuni, alipanda nyuma mwenyewe akaanza kuteremsha bidoni. "Musaidie! Mafuta haina mimba." Walipakia wajawazito, vikongwe na watoto wadogo, wakashika njia ya Mweso, na ukungu ukawafunga kabla hawajafika mbali.

Hapo Straton aliwasha fari zake. Zilipenya ukungu kwa unyoofu, akaona ukingo wa barabara, majani, jiwe. Alikuwa ameishi kwa ajili ya jioni kama ile. Aliendesha polepole, na nyuma watu walikuwa wakisali kwa sauti ya chini. Aliusikia mnong'ono wao kupitia kioo.

Kisha milio ya bunduki ikasikika, kule walikotoka. Mifupi. Ikanyamaza. Céline, aliyekaa kati ya dereva na Mama Kaswera, aliichukua rozari mkononi mwa Mama Kaswera. Baada ya kitambo, katika kioo cha pembeni, Straton aliona weupe mwingine. Weupe wenye pande mbili, safi, uliokuwa ukikua.

Alizijua fari zile. Alizima taa zake, akaingiza gari katika shamba la mtama kando ya njia, akazima injini. Mabua yalivunjika kwa mlio uliofanana na moto. Mtoto mmoja alikohoa, na mkono wa mtu ukamziba mdomo. Mwanga ulipita juu ya shamba, ukagusa mabua, ukagusa mkono wa Céline ulioshika rozari ya Mama Kaswera. Ulikuwa mwanga mzuri. Straton aliona hilo pia, na ndilo alilolisimulia kwa aibu kubwa kuliko yote: kwamba hata wakati ule, sehemu ya moyo wake ilikiri kuwa kazi ilifanyika vizuri.

Gari lile lilipita. Walibaki shambani mpaka kukapambazuka, hakuna aliyethubutu kushuka.

Waliopanda mlimani walipona. Kambi iliporwa, na mzee Kanyamibwa alikutwa mlangoni kwake. Alizikwa asubuhi hiyo na wale waliorudi, bila gari na bila majani. Céline alijifungua Mweso baada ya majuma machache, mtoto wa kiume, naye alimpa jina la mzee Kanyamibwa. Straton hakuweza kulitamka jina hilo kwa muda mrefu. Alimwita mtoto "Papa" tu.

"Ni mimi niliwapa macho," alimwambia mkewe siku moja, walipokuwa wanapukuchua mahindi.

"Ni wewe," Céline alijibu, bila kuinua kichwa. "Na ni wewe ulinitoa pale. Nitachukua moja niache ingine? Leta ungo."

Kabla msimu haujabadilika, wachuuzi waliokuwa wakipita Kalembe walileta habari kwamba pikapu ya kamanda yule haitoki tena ukungu ukishuka. Walisema fari zake zimekufa, manjano kuliko mwanzo. Straton aliwasikiliza, akaomba wairudie habari hiyo, kisha akatoka nje akasimama juani kitambo kirefu.

Aliendelea na udereva. Mama Kaswera hakumfukuza, wala hakuuliza tena nani alikufa. Sifa ya fari zake ilienea, na madereva walimjia Mweso wakiwa na magari yenye macho ya manjano na dawa ya meno mfukoni. Hakumkataa mtu papo hapo. Alileta kigoda, akamkaribisha mgeni aketi, akamuuliza anatoka wapi, anabeba nini, na jioni anapita njia gani, akienda kwa nani. Waliojibu vizuri walisuguliwa fari zao, wakafundishwa kuzifunika. Waliokasirika waliondoka nazo zilivyo, na Straton aliwasindikiza hadi barabarani kwa heshima, akasimama pale mpaka gari lilipotoweka, ili ajue limeelekea upande gani.